Zamu ya Kurudi Nyumbani

Anayempeleka mtu kufanya kazi mbali na kwao hujiuliza nani aende na lini aende. Swali la tatu, yaani lini arudi na nani ashike nafasi yake, aghalabu husahauliwa. Nalo ndilo liamualo kama safari itajenga nyumba au itaibomoa.

Mjini Kampala swali hilo lina uzito wa pekee. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ndiyo itoayo leseni kwa makampuni yanayopeleka wafanyakazi ng'ambo, utaratibu uliowekewa kanuni mwaka 2005. Katika miaka iliyofuata maelfu ya vijana walikwenda Iraki kuwa walinzi, na akina dada wengi wakaelekea nchi za Ghuba kuwa watumishi wa nyumbani. Januari 2016, kufuatia malalamiko ya mateso, serikali ilipiga marufuku kupeleka watumishi wa nyumbani Saudi Arabia; mwaka 2017 marufuku ikaondolewa baada ya makubaliano mapya. Mjadala wote huo ulihusu zaidi kuondoka. Kurudi kulizungumzwa kwa uchache.

Hata hivyo, kazi ya zamu si jambo geni Uganda. Wakati wa ukoloni, afisa wa Kiingereza aliyeletwa Entebbe alitumika kwa muda maalumu, kisha akapewa likizo ndefu kwao. Hakuiomba kama hisani. Ilikuwa sehemu ya masharti ya kazi yake. Kadhalika, baada ya majeshi ya Uganda kutua Mogadishu Machi 2007, vikosi vilipokezana. Kikosi kilifunzwa Singo, kikatumika Somalia kwa muda wa karibu mwaka mmoja, kikakabidhi kazi kwa wenzao na kurejea. Aliyebaki nyumbani aliweza kuhesabu miezi.

Mtumishi wa nyumbani hana hesabu iliyo wazi namna hiyo. Mkataba wake wa kawaida Saudi Arabia ni wa miaka miwili. Kanuni za huko za mwaka 2013 zilimpa likizo ya mwezi mmoja yenye malipo iwapo ametimiza miaka miwili na anataka kuendelea kwa muda kama huo. Msomaji autazame mtego uliokuwamo: pumziko lilifungwa pamoja na kukubali miaka miwili mingine. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, kwa upande wake, humpa mfanyakazi siku saba za likizo kwa kila miezi minne, bila sharti la kuongeza mkataba. Aidha, mageuzi ya Machi 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa Saudi Arabia kuhama mwajiri bila idhini yake yaliwaacha nje watumishi wa nyumbani.

Gharama yake huonekana nyumbani. Mtoto aliyeachwa ana miaka mitatu, mikataba miwili ikipita, ni mwanafunzi wa miaka saba anayemwita jaja wake mama. Karo imelipwa, bati limeezekwa, lakini mama anarudi akiwa mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Yapo mambo matatu yanayoweza kufanyika. Kwanza, tarehe ya kurudi, na nani atakayelipa nauli, viandikwe waziwazi katika kila mkataba. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka masharti ya kurejeshwa nyumbani yaelezwe kwa maandishi.

Pili, mkataba wa nyongeza usitiwe saini nyumbani kwa mwajiri. Mfanyakazi arudi kwanza, akae na watu wake, kisha aamue akiwa Kampala kama ataenda tena. Mwajiri atalalamika kwamba nyumba yake haiwezi kukaa miezi bila msaidizi; naye mfanyakazi ataogopa kwamba akiondoka nafasi itachukuliwa. Hofu zote mbili ni za kweli, na dawa yake ni moja: kampuni iandae mtu wa kushika zamu kabla mkataba haujaisha, na ahadi ya kumhifadhia nafasi anayekwenda likizo iandikwe. Jeshi halikungoja askari achoke ndipo litafute wa kumpokea.

Tatu, wizara ambayo huwaandikisha wanaoondoka iwe na orodha ya wanaopaswa kurudi. Aliyebakiwa na miezi mitatu aulizwe hali yake. Ambaye tarehe yake imepita na hajaonekana atafutwe kupitia ubalozi.

Familia nazo zina wajibu wao. Kabla ya safari, nakala ya mkataba ibaki nyumbani na tarehe ya mwisho ijulikane kwa wote. Wakubaliane nani atawalea watoto, na kiasi gani cha mshahara kitawekwa akiba kisiguswe. Akiba hiyo ndiyo itakayompa msafiri uwezo wa kukataa mkataba wa pili, kwani asiye na kitu cha kuanzia maisha nyumbani hulazimika kusaini chochote anachopewa.

Wahenga walinena kwamba mwenda kwao si mtumwa. Basi kila anayepanda ndege Entebbe na apewe, pamoja na pasipoti na tikiti, siku yake ya kurudi.