Kitui na Makueni zina mitambo, kinachokosekana ni mawasiliano

KWA zaidi ya mwongo mmoja sasa, mjadala kuhusu viwanda katika kaunti za Kitui na Makueni umekuwa mjadala wa majengo. Kila gavana anayeingia ofisini huulizwa atajenga kiwanda gani, na kila anayeondoka hupimwa kwa kuta alizoacha nyuma. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni iwapo viwanda vilivyopo vinajuana, vinapeana kazi na vinasaidiana pale kimoja kinapolemewa.

Si haki kudai kwamba hakuna kilichofanywa. Katika Kaunti ya Makueni, kiwanda cha kusindika matunda kilianzishwa Kalamba mwaka wa 2017, wakati wa utawala wa Prof Kivutha Kibwana, ili maembe yageuzwe rojo badala ya kuozea mashambani. Kuna kiwanda cha maziwa Kikima na cha nafaka Makindu. Ng'ambo ya pili ya Mto Athi, serikali ya Bi Charity Ngilu ilianzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC huko Syongila mwaka wa 2018. Mji wa Kitui una kinu cha kuchambulia pamba, nao wafugaji wa nyuki wa Mwingi wamefanya kazi kwa miaka mingi na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe ili asali yao ipate soko la heshima.

Ongeza hapo mafundi wa jua kali wa Wote, Mwingi, Emali, Mutomo na Kibwezi: wachomeleaji vyuma, maseremala na washonaji. Hao hawazinduliwi na viongozi wala hawakatiwi utepe, lakini ndio wanaotengeneza milango ya madarasa, mizinga ya nyuki na mashine za kukatia lishe ya mifugo.

Kwa hivyo, mitambo ipo na mikono ipo. Kinachokosekana ni njia ya mwenye mtambo mmoja kujua kwamba mwenzake, umbali wa kilomita mia moja, ana zabuni asiyoweza kuimaliza peke yake. Ukubwa wa eneo lenyewe unafanya jambo hili kuwa zito. Kitui pekee ina takriban kilomita mraba 30,000. Kwa pamoja, kaunti hizi mbili zilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.1 katika sensa ya mwaka wa 2019. Barabara ya lami kutoka Kibwezi hadi Kitui kupitia Mutomo imepunguza adha ya usafiri, lakini barabara husafirisha bidhaa iliyokwisha kuagizwa. Haiwezi kumwambia fundi wa Kibwezi kwamba bidhaa hiyo inahitajika Mutomo.

Somo kuu lilitolewa na janga la corona. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa mnamo Machi 13, 2020. Mwezi uliofuata kuvaa barakoa kukawa lazima, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) likatoa viwango vya kufuatwa na watengenezaji. KICOTEC, ambayo ilikuwa imezoea kushona sare, iligeuza cherehani zake na kuanza kutoa maelfu ya barakoa kwa siku. Wanawake wengi wa Kitui waliokuwa hawajawahi kupokea mshahara wa kiwanda walipata ajira.

Kwa nini iliwezekana kwa haraka kiasi hicho? Mambo matatu yalikuwa wazi kwa wakati mmoja. Mnunuzi alijulikana, kiwango cha ubora kiliandikwa, na kila mtu alifahamu kwamba malipo yapo. Taarifa hizo zilipofika kiwandani, mtambo ulipata kazi bila kusubiri jengo jipya wala sera mpya. Hata hivyo, agizo la kuvaa barakoa liliondolewa Machi 2022, na soko hilo likayeyuka. Kiwanda kinachotegemea mnunuzi mmoja na bidhaa moja hubaki hivyo, kikingoja janga jingine au zabuni nyingine kutoka kwa mwanasiasa.

Wenzetu walilitatua tatizo hili kabla ya tarakilishi kuingia viwandani. Katika mji wa Prato nchini Italia, sekta ya nguo ilijengwa juu ya karakana ndogo ndogo, nyingi zikiwa za familia, kila moja ikifanya hatua moja tu: huyu anasokota uzi, yule anafuma, mwingine anatia rangi. Aliyewaunganisha ni mtu aliyeitwa impannatore. Huyu alipokea oda kutoka kwa mnunuzi, akaigawa kwa karakana zilizokuwa na nafasi, akahakikisha ubora na kukabidhi mzigo. Mara nyingi hakuwa na mtambo wake mwenyewe. Mali yake ilikuwa ni kujua nani anaweza kufanya nini, na lini.

Wazo hilo si geni Ukambani. Karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wakamba iliunganisha bara na pwani, na mfanyabiashara Kivui wa Kitui alijulikana hadi Mombasa kwa sababu ya mtandao wa watu aliokuwa nao njiani. Na kila mwanakijiji anafahamu mwethya, kikundi cha majirani wanaolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Teknolojia ya kidijitali haileti ushirikiano mahali ambapo haukuwepo. Inachoweza kufanya ni kuupanua mwethya uvuke kijiji, wadi na mpaka wa kaunti.

Tuchukulie mfano. Hospitali inahitaji mashuka na sare elfu tano kwa muda wa wiki sita. Leo hii, mshonaji wa Mutomo mwenye cherehani nne hawezi hata kuomba zabuni hiyo. Kazi inaenda kwa mfanyabiashara wa Nairobi, ambaye huenda akaagiza nguo kutoka ng'ambo. Lakini kama kungekuwa na sajili ya kidijitali inayoonyesha kwamba kiwanda cha Syongila kinaweza kukata vitambaa, karakana ishirini za Kitui na Makueni zina nafasi ya kushona, na chuo cha ufundi kilicho karibu kina mashine zisizotumika wakati wa likizo, oda hiyo ingegawanywa. Kila mmoja angepokea kipimo kilekile, sampuli ileile na tarehe ileile. Mzigo ungekaguliwa mahali pamoja, na kila fundi angelipwa kwa simu kulingana na kipande alichokamilisha.

Faida haikomi kwenye oda. Kilio cha viwanda vidogo ni huduma: mtambo umeharibika na fundi anayeufahamu yuko Nairobi, kipuri hakipatikani, au sampuli inahitaji kupimwa ndipo bidhaa ipewe alama ya ubora. Viwanda vitano vikijua kwamba vinatumia aina moja ya pampu, vinaweza kuajiri fundi mmoja na kuweka akiba moja ya vipuri. Vilevile msimu wa maembe huwa hasa kati ya Desemba na Machi. Mitambo ya Kalamba inahitaji kazi nyingine miezi inayobaki, na mwenye nyanya au mapera atanufaika endapo ataona mapema ni wiki zipi mtambo uko huru na ada yake ni kiasi gani.

Vifaa vya kufanikisha haya si ndoto. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na leo malipo kwa simu ni jambo la kawaida hata katika soko la kijijini. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kinaya ni kwamba jiji la kiteknolojia la Konza, ambalo Rais Mwai Kibaki alilizindua Januari 2013, limesimama Malili, ndani ya Makueni, kwenye ardhi ya takriban ekari 5,000. Humo mna kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data. Mwenye karakana aliye Wote ana haki ya kuuliza: ikiwa jiji hilo liko katika kaunti yangu, mbona sajili ya mitambo yangu ingali kwenye daftari?

Swali hili lina uzito wa pesa. Tangu mwaka wa 2023, serikali ya kitaifa na kaunti zimekuwa zikishirikiana katika mpango wa bustani za viwanda, ambapo kila kaunti ilitengewa mradi wa Sh500 milioni, nusu ikitoka Nairobi na nusu kwenye kaunti husika. Nia ni njema. Lakini iwapo fedha zote zitaishia kwenye mabati, saruji na ua, tutapata maghala mazuri yasiyojua yatajazwa na nani. Sehemu ndogo tu ya kiasi hicho ingetosha kuhesabu mitambo iliyopo, kuwafunza wamiliki wake na kuwaunganisha.

Vizuizi vipo, na havitaondolewa kwa kununua programu. Cha kwanza ni hofu. Fundi akisikia sajili, anasikia kodi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi na Mamlaka ya Ushuru (KRA) wakati wa kukokotoa kodi, hivyo kampuni kubwa zinasita kumpa kazi fundi asiye na ankara hiyo. Kujificha kunamkinga leo lakini kunamnyima oda kubwa kesho. Dawa si kumkaripia. Mfumo wa pamoja ungeweza kumwandalia ankara na hesabu zake kama sehemu ya huduma, aone faida kabla ya kuona ushuru.

Hofu ya pili ni ya siri za biashara. Mwenye kiwanda hataki mshindani ajue bei yake wala orodha ya wateja wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 humlinda mtu binafsi, si siri za kampuni. Kwa hivyo ni lazima kanuni za mfumo ziseme waziwazi kwamba kinachoonyeshwa ni uwezo wa mtambo, muda ulio wazi na kiwango cha ubora. Bei ibaki kati ya wanaoafikiana.

Tatu ni dalali. Ni rahisi kumlaani, lakini dalali wa maembe hufika shambani na lori pamoja na pesa taslimu. Mfumo wa kidijitali unaochelewesha malipo kwa siku sitini utashindwa naye asubuhi ya kwanza. Kampuni ya Copia, iliyokuwa ikiuza bidhaa kupitia maajenti vijijini, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 licha ya teknolojia yake na mamilioni ya wawekezaji. Programu haiwezi kuokoa biashara ambayo gharama za usafirishaji na malipo hazijapatiwa jibu.

Hapa ndipo kaunti zinapaswa kuanza na zenyewe. Wanunuzi wakubwa wa samani, sare na vifaa vya vyuma katika maeneo haya ni hospitali, shule na idara za serikali. Tangu mwaka wa 2013, asilimia 30 ya zabuni za umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka wa 2025, jaribio la Hazina ya Kitaifa la kuhamishia ununuzi wote kwenye mfumo wa kielektroniki lilizua mvutano na magavana. Vyovyote mvutano huo utakavyotatuliwa, mfumo huo hautamfaa mshonaji wa Mutomo iwapo zabuni itaendelea kutolewa ikiwa bonge moja asiloweza kulibeba. Zabuni zigawanywe, vikundi viruhusiwe kuomba kwa pamoja, na anayekabidhi kazi alipwe kwa wakati.

Nani aushike usukani? Jumuiya ya kiuchumi ya kusini mashariki, inayounganisha Kitui, Machakos na Makueni, ina nafasi ya kuweka kanuni zitakazofuatwa pande zote mbili za mto. Lakini mfumo wenyewe usikae katika afisi ya gavana. Tumeshuhudia mara nyingi jinsi mradi wa mtangulizi unavyosahauliwa na mrithi wake. Umiliki uwe wa vyama vya ushirika vya wazalishaji, vyenye hesabu zinazokaguliwa na viongozi wanaochaguliwa. Uanze kwa udogo, na sekta moja kama ushonaji, ufanye kazi hata kwenye simu isiyo na intaneti, kisha upanuke kwenye asali, matunda na vyuma.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Gavana Julius Malombe wa Kitui na mwenzake wa Makueni, Mutula Kilonzo Jr, hawahitaji kukata utepe mwingine ili kulitimiza hili. Wanahitaji kukubaliana juu ya orodha moja ya mitambo, kanuni moja ya ubora na tarehe moja ya malipo. Vijana wanaopanda basi kila wiki kwenda kutafuta vibarua Nairobi na Mombasa hawatauliza ni kaunti ipi iliyojenga kiwanda. Watauliza kama kina kazi.