KUJITOLEA SI POSHO: SOMO KUTOKA KWA WAZEE WA VITA VYA KAGERA



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) kwa kunipa uzima na nafasi ya kushika kalamu katika jarida letu la mwaka huu. Wenzangu wengi huandika juu ya masomo na mitihani. Mimi nimeona niandike juu ya neno moja tunalolitumia kila siku huku kwetu Kasulu na Kibondo, na ambalo naona linaanza kupoteza maana yake. Neno hilo ni kujitolea.

Ndugu msomaji, nianze na tukio. Msimu wa mvua uliopita, daraja la magogo katika kijito kinachotenganisha kitongoji chetu na madrasa lilichukuliwa na maji. Siku ya pili yake mtoto mmoja wa darasa la wadogo alijaribu kuvuka kwa kukanyaga mawe, akateleza. Alhamdulillahi, alitolewa salama, lakini mfuko wake na juzuu yake vilikwenda na maji. Jioni ile vijana kama kumi na watano tulikusanyika pale ukingoni. Mmoja akasema halmashauri iarifiwe. Mwingine akasema yapo mashirika yanayoshughulikia mambo kama hayo. Wa tatu akauliza, na wala hakuwa anatania, "Tukifanya sisi, posho itatoka wapi?" Tukacheka, kisha tukatawanyika. Nami nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, tulimkuta mzee mmoja jirani yetu na wajukuu wake wawili wameshalaza magogo mawili na wanafunga la tatu. Hakutusema wala kututazama kwa hasira. Aliuliza tu kama kuna mwenye panga kali kuliko lake.

Mzee huyu hapendi jina lake litajwe, nami namheshimu kwa hilo. Ndiye anayezibua chemchemi majani yanapoziba. Ndiye anayefika wa kwanza na jembe palipo na msiba, awe marehemu ni Mwislamu au Mkristo. Nilikuwa namjua kwa kazi hizo tu. Siku ile ya daraja ndipo nilipojua kwamba katika ujana wake alikuwa mgambo, na kwamba alikwenda kupigana vita vya Kagera.

Wenzangu wa umri wangu vita hivyo tumevisoma katika kitabu cha historia, tena kwa ajili ya mtihani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia nchini kwetu na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa ili majeshi yetu yasivuke. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa mwezi wa Novemba, alitaja mambo matatu ambayo kila Mtanzania mzima anayakumbuka hadi leo: kwamba uwezo tunao, sababu tunazo, na nia tunayo. Jeshi peke yake halikutosha. Waliitwa polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na mgambo kwa maelfu kutoka vijijini. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan. Wengi hawakurudi. Mamia kati yao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba.

Babu huyu alinieleza kwamba alipofika Kyaka hakusikia mtu akiuliza kazi ya daraja ni ya nani. Mto ulikuwa mbele yao na ilibidi uvukwe, basi.

Nilipomuuliza alilipwa nini, alifikiri kwanza, kisha akasema alirudi na afya yake, na hilo lilitosha. Tukumbuke walirudi katika nchi ya namna gani. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18, lakini dhiki ikazidi muda huo. Sabuni, sukari na nguo vilipatikana kwa foleni. Wakulima wa mahindi, maharage na mihogo wa milima hii hawakuwa na cha ziada. Hata hivyo watu wa rika lake walirudi vijijini mwao, ambavyo vingi vilikuwa havijatimiza miaka kumi tangu Operesheni Kigoma ya 1972, wakashika jembe na kushirikiana na wenzao kujenga madarasa na kufungua barabara.

Na si wao tu. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, ndugu zetu wa Burundi walimiminika Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena. Kila mara wa kwanza kuwapa maji na mihogo walikuwa wanavijiji, kabla lori la shirika lolote halijafika. Je, nani aliwalipa posho?

Hapa nisieleweke vibaya. Mashirika yaliyokuja yamefanya mengi mema: visima, zahanati, madarasa. Wengi wetu tumesomeshwa kwa mishahara ambayo wazazi wetu walipata huko. Anayeajiriwa ana haki ya ujira wake, na kumdhulumu ni dhambi. Lakini pamoja na mema hayo tumejifunza jambo jingine bila kujua. Tumeona mkutano unaitishwa na watu wanatia saini kupokea posho ya kukaa. Tumeona mtu akiitwa "wa kujitolea" na mwisho wa mwezi ana malipo. Taratibu neno limegeuka. Sasa kijana akisikia "njoo tujitolee" anauliza ni kiasi gani, na asiyelipwa anaonekana mjinga.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba mzee huyo ni mfano mbaya, kwa kuwa taifa lilimtumia likamsahau, na kwamba tukimwiga nasi tutatumiwa na kusahauliwa. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Tunawajua makamanda. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza wapiganaji wetu katika vita vile, alipofariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 104 nchi nzima ilipata habari. Mgambo wa kijijini akifa, taarifa haivuki kilima cha pili. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwendea shujaa wa kitongoji chake siku hiyo na hata kumpa salamu tu?

Maoni yangu ni kwamba kujitolea kwake hakufuti deni letu. Yeye hadai, lakini sisi tunadaiwa. Haifai tumsifu kwa kutotaka malipo, kisha sifa hizo ziwe kisingizio cha kutomfanyia lolote. Paa lake linavuja, nimeliona kwa macho yangu.

Mwalimu alitaja uwezo, sababu na nia. Siku ya daraja sisi vijana kumi na watano tulikuwa na uwezo kuliko yule mzee. Sababu tulikuwa nayo, kwani juzuu ya mtoto ilikuwa imekwenda na maji. Tulichokosa ni nia. Nasi ndio tunaofundishwa kila siku kwamba hakuna ibada bila nia, na ambao darasani tumesoma fadhila ya kuondoa udhia njiani. Tumehifadhi, lakini tulipofika kwenye kijito tuliuliza posho.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila Jumamosi moja ya mwezi wanafunzi wa madarasa ya juu tutoke na majembe yetu, bila daftari la mahudhurio wala soda, tutengeneze njia na chemchemi. Pili, tuanze na paa la mzee huyu kabla ya mvua zijazo. Nyasi zipo na mikono tunayo. Tatu, kila mmoja wetu amtafute mzee mmoja aliyepigana, amsikilize na kuandika anayosema. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, na wengine wameshapita umri huo. Hawatatungoja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie ikhlasi katika kazi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.