Mastaa, AC Haipuliziwi Pafyumu! Dada wa Kazi Kafukuzwa, Harufu Imebaki Palepale

Kuna mdada mmoja maarufu hapa Dar, jina kapuni, ambaye wiki haiishi bila kuposti sebule yake. Makochi meupe, zulia jeupe, TV kubwa kama ubao wa darasani, na AC mbili ukutani. Kwenye video kila kitu kinang'aa. Ila video hainuki bana, na hapo ndipo mchezo wote ulipo. Waliowahi kuingia kwenye huo mjengo wanasema mlango ukifunguliwa tu unapokelewa na harufu ya nguo zilizolowekwa kwenye beseni zikasahaulika siku tatu.

Sasa sikia kilichotokea. Mtu wa karibu na familia anasimulia kwamba harufu ilipozidi, wa kwanza kushikwa uchawi alikuwa dada wa kazi. Kwamba hakaushi nguo vizuri. Kwamba anaacha dekio bichi ndani. Kwamba anafungia taulo zenye maji kwenye kabati la mtoto. Binti wa watu akajitetea, "Dada, nguo zote naanika nje, hata sasa hivi ziko kambani." Nani wa kumsikiliza? Akapewa nauli ya basi la mkoani, mshahara wa mwezi akaambiwa atatumiwa kwenye simu. Akabeba begi lake akaondoka.

Harufu haikuondoka naye.

Ikafuata wiki ya manukato. Udi asubuhi, ubani jioni, mishumaa ya kunukia chooni, na ile dawa ya kopo ambayo bosi mwenyewe analipwa kuitangaza, ikapuliziwa moja kwa moja mdomoni mwa AC. Matokeo yake ni beseni lilelile la nguo mbichi, safari hii limemwagiwa waridi. Mtoto naye akaanza kukohoa usiku. Mama akaingia mtandaoni akaandika kwamba wabaya wake sasa wamehamia kwa mtoto na Mungu anawaona. Watu wakamwaga dua kwenye komenti, wengine wakaanza kutaja majina ya maadui zake. Yaani kikohozi cha mtoto kikageuka bifu la mjini.

Siku AC ya chumba cha mtoto ilipoanza kudondosha maji kitandani ndipo akaitwa fundi. Akafungua kava. Filta zilikuwa zimeota manyoya ya vumbi kama mgongo wa paka. Ile feni ya ndani, ndefu na ya mviringo, ilikuwa nyeusi tii kwa ukungu. Trei la maji lilikuwa na uteute kama bamia iliyolala. Fundi akauliza mara ya mwisho imeoshwa lini. Kimya. Ikaulizwa kwa mwenye nyumba, naye akasema yeye alifunga AC mpya, mengine ni ya mpangaji. Kumbe tangu ifungwe haijawahi kuguswa. Kilichoguswa ni rimoti tu.

Tuseme ukweli, huyu mdada yuko mmoja kati ya wengi. Msanii ambaye video zake zote anaimba akiwa kwenye koti la manyoya ndani ya Dar yenye joto la kuyeyusha lami, naye sebule yake inanuka hivyohivyo. Jamaa mwenye apatimenti za kulaza wageni anaweka picha ya AC kwenye tangazo kama vile ni dhahabu, mgeni akiwasha anahisi kalala stoo ya viatu. Mjini hapa AC ni kitu cha kupigia picha. Kuiosha hakuna laiki.

Na wala sio sayansi ngumu. Weka chupa ya soda ya baridi mezani mchana wa Dar, dakika chache tu inatoka jasho. Hilo jasho ni unyevu wa hewani umegusa kitu cha baridi ukageuka maji. Ndani ya AC kuna koili ya baridi, inatoka jasho hivyohivyo muda wote inapopooza chumba. Maji yanadondoka kwenye trei, yanatoka nje kwa kibomba. Sasa chukua hayo maji, changanya na vumbi la barabarani, manyoya ya zulia, nywele na ngozi iliyokauka, weka gizani. Umeshawapikia fangasi na bakteria pilau. Ukiwasha, feni inapita juu ya pilau hilo inakuletea puani. Mafundi wa Marekani harufu hii wanaifananisha na soksi chafu, na hawajakosea.

Mwaka 1902, Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, New York, hakuwa anawatafutia mabosi baridi ya kulalia na blanketi. Shida ilikuwa unyevu: karatasi zinatanuka na kusinyaa, rangi hazikai mahali pake. Kwa hiyo mashine hii tangu kuzaliwa kazi yake ni kuvua maji hewani. Ukiifunga kwenye mji wa pwani kama Dar, Tanga au Mombasa, inavua maji kwa ndoo. Halafu mtu anashangaa kwa nini inavunda wakati hajaiosha mwaka wa tatu huu!

Wapo watakaosema, "Mwacheni dada wa watu, harufu haiui." Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba, na mambo yaliyotajwa humo ni kikohozi, kifua kubana na pumu. Kama mtoto ana kifua, chumba chenye AC ya namna hii ni adhabu. Haina maana kila kikohozi kimetoka kwenye AC, mtoto anayekohoa apelekwe hospitali. Ila kumsingizia jirani uchawi wakati ukungu unampulizia mwanao usoni kuanzia saa mbili usiku mpaka asubuhi, hapana.

Wapo pia wa upande wa pili, wale wa "AC ni sumu, tumia feni". Hawa wanapenda kutaja ule mkasa wa Philadelphia mwaka 1976, ambapo watu zaidi ya 30 walikufa kwa homa ya mapafu baada ya mkutano wa maveterani hotelini. Ule mkasa ni wa kweli. Lakini bakteria wale wanajulikana kwa kuzaliana kwenye mitambo mikubwa ya maji, kama ile minara ya kupoozea ya majengo makubwa. AC ya chumbani kwako haina mnara. Tatizo lake ni uchafu, na uchafu unaoshwa.

Haya, mafundi nao. Sio wote, wapo wanaojua kazi na wanaipenda. Ila kuna kundi la wajanja, ukimwambia AC inanuka anatoa mtungi begani, "Bosi, gesi imeisha." Gesi ya AC haiishi kama ya jiko! Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, mwaka hadi mwaka ni ileile. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga hela. Halafu gesi ikipungua AC inashindwa kupooza, wala haileti harufu ya nguo mbichi. Fundi anayejibu harufu kwa gesi mwambie afunge mkoba, au kwanza akufungulie kava uone feni ikoje. Aking'ang'ania gesi, umeshamjua.

Kuosha kwenyewe kuna sehemu ya kufanya mwenyewe na kuna sehemu ya fundi. Zima umeme kwenye swichi kubwa, sio kwenye rimoti. Fungua kava, chomoa filta, osha kwa maji na sabuni laini, anika kivulini mpaka zikauke kabisa, kwa sababu juani zinaweza kupinda na ukizirudisha mbichi umerudi kulekule. Kwa vumbi la Dar fanya hivyo kila wiki mbili. Mswaki laini unatosha kupita juu ya vile vibati vyembamba vya koili, kutoka juu kwenda chini, taratibu, maana vinajikunja kama karatasi ya sigara. Koili kwa ndani, ile feni nyeusi na trei, mwite fundi mwenye pampu ya maji na dawa ya koili, afunike sakiti kwa nailoni, azibue na kibomba cha kutolea maji. Kazi nzuri utaiona kwenye maji machafu yanayoshuka. Yakitoka meupe kwenye AC ya miaka mitatu, jua hajaosha kitu.

Usimwagie jiki. Inakula vile vibati, na harufu yake utaivuta usiku kucha. Na kuna kavideo kanazunguka eti changanya jiki na siki uipulizie. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini, hiyo ni sumu kweli, haina mjadala. Aliyeweka kavideo hako ana wafuasi wengi, na wengi wao wana watoto ndani.

Halafu kuna kitu cha bure kabisa ambacho hakuna staa anakiposti kwa sababu hakiuziki. Kabla ya kuzima, weka AC kwenye feni tupu, bila baridi, dakika 20 au 30. Inakausha koili. AC iliyolala kavu haivundi haraka.

Kama harufu ni ya choo na sio ya ukungu, fuata kibomba cha maji kinaishia wapi. Kuna majengo wamekichomeka moja kwa moja kwenye bomba la maji taka, kwa hiyo choo kinapumua chumbani. Kama inanuka plastiki inayoungua, zima hapohapo, hiyo ni shoti. Na lile dumu la kukingia maji ya AC huko nje, mwaga kila siku. Mbu wa dengi anapenda maji ya hivyo, na Dar dengi inajulikana, mwaka 2019 sio mbali.

Wenye nyumba nao wasijifiche nyuma ya mkataba. Kodi unachukua ya miezi sita mbele, tangazo umeandika "ina AC", na bei umepandisha kwa sababu hiyo. Basi AC ikabidhiwe imeoshwa, kama unavyokabidhi ukuta umepakwa rangi. Filta ni za mpangaji, sawa. Ila mpangaji aliyeingia jana asioshe uvundo wa wapangaji watatu waliopita.

Turudi kwa mdada wetu. AC zimeoshwa zote mbili, na juzi kaposti sebule tena, safari hii anasifia dawa ileile ya kopo, eti ndiyo iliyomaliza harufu. Fundi hajatajwa. Dada wa kazi, kwa mujibu wa mtu wa karibu, mpaka wiki hii alikuwa hajatumiwa mshahara wake wala hajapigiwa simu, na nafasi yake ameshaletwa binti mwingine.

Wadau, kwenye nyumba uliyopanga sevisi ya AC analipa nani, wewe au mwenye nyumba? Na iliyopo chumbani kwako sasa hivi, filta umeitoa lini? Tupia komenti hapo chini, na usidanganye.