Nyama Moja, Vitabu Vitatu: Ugomvi wa Nini?



Kila tukianza kuzungumzia dini zetu tunaishia kwenye Utatu, Yesu ni nani, Mtume ni nani, na baada ya hapo ni matusi. Leo naomba tuzungumzie nyama. Ndiyo, nyama ya buchani. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, watu walipigana kwa sababu ya nani ana haki ya kuchinja, na mchungaji mmoja akauawa. Mtu kafa kwa swali la nani ashike kisu! Sasa tufungue vitabu tuone kama navyo vinapigana.

Walawi 17 inakataza kula damu, kwa kuwa uhai wa mnyama umo ndani ya damu yake. Myahudi hadi leo huchinja kooni, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo, baada ya kumtaja Mungu, kisha nyama hulowekwa na kutiwa chumvi ili damu iliyobaki itoke. Kurani, Al-Maida aya ya 3, inakataza mzoga, damu, nguruwe na kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mungu. Mkristo naye asidhani hayamhusu. Katika Matendo 15 mitume waliwaondolea watu wa mataifa mzigo wa tohara, lakini WALIBAKIZA katazo la damu na la mnyama aliyenyongwa. Ni sura hiyo hiyo wanayoisimamia Mashahidi wa Yehova wanapokataa kuongezewa damu. Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao hapa Garland, jirani na sisi wa Mesquite, wapo wengi, hawali nguruwe. Msabato wa kwetu vile vile. Kwa hiyo wapenzi wa kitimoto wanaosema "Biblia imeruhusu" wamalizane kwanza na Wakristo wenzao.

Tofauti zipo, sifichi. Ngamia ni halali kwa Mwislamu, kwa Myahudi ni haramu. Myahudi hachanganyi nyama na maziwa, Mwislamu hana shida hiyo.

Mimi ni muuguzi, na kinachonigusa zaidi ni yale vitabu vinavyosema shida inapofika. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Mgonjwa Mwislamu au Myahudi akiuliza ana haki ya kuambiwa ukweli. Lakini aya ya 173 ya Al-Baqara, mara tu baada ya kukataza nguruwe, inamwondolea dhambi aliyelazimika. Walimu wa Kiyahudi wanafundisha kwamba kuokoa maisha kunatangulia karibu amri zote, hata Sabato. Na Yesu alipobanwa na Mafarisayo kuhusu Sabato, aliwakumbusha Daudi alivyokula mikate ya makuhani alipokuwa na njaa (Marko 2). Vitabu vitatu, na mwanadamu mwenye shida kapewa nafasi katika vyote.

Sasa ugomvi wetu unatoka wapi? Kwa maoni yangu ni madaraka na biashara. Desturi ya Tanzania tangu zamani ni Mwislamu kuchinja nyama ya kuuzwa, na mwaka ule wa 2013 viongozi wa serikali waliitetea. Wapo wachungaji walioona huko ni kuwekwa chini ya dini nyingine. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Paulo aliwaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Mkristo anapoteza nini? Sisi wabeba boksi wa hapa, kukiwa na msiba mbuzi anatoka duka la halali, Mlutheri na Mkatoliki wanachanga, sufuria ni moja. Ethiopia, kwa desturi, Mkristo hali alichochinja Mwislamu wala Mwislamu hali cha Mkristo, kwa hiyo mwenye shughuli inabidi apike mara mbili. Sitaki tufike huko.

Lakini Waislamu nao waisome Al-Maida aya ya 5, inayosema chakula cha Watu wa Kitabu ni halali kwao. Wanazuoni wana masharti yao, sawa. Ila hakuna mahali paliposemwa Mkristo aliyechinja ng'ombe wa sherehe ya kanisa lake apigwe. Tukumbuke pia Ubelgiji: jimbo la Flanders lilipopiga marufuku, kuanzia 2019, kuchinja mnyama bila kwanza kumpoteza fahamu, Waislamu na Wayahudi walijikuta upande mmoja mahakamani. Februari 2024 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwakatalia wote.

Pendekezo langu ni hili. Desturi ibaki kama heshima ya kula pamoja, isiwe fimbo. Anayetaka bucha la namna nyingine afungue, aandike mlangoni nani kachinja, kama maduka ya Dallas yanavyoandika kosha au halali, mteja achague. Wakaguzi wanaopiga muhuri nyama machinjioni tunao tayari. Kibao cha mlangoni hakihitaji kuundiwa tume.

Naomba kuwasilisha.