Mbwa wa staa kunyolewa sio aibu, aibu ni zile rasta zilizokuwa chini

Staa mmoja wa kike wa Bongo Fleva ametolewa povu la maana Insta. Kosa lake? Kapost yule mbwa wake mkubwa wa manyoya, Old English Sheepdog, akiwa kanyolewa karibu mwili mzima. Kuna aliyemfananisha na mbuzi wa sikukuu, kuna aliyesema dada kafulia, hela ya saluni ya mbwa imeisha.

Wadau, hapo mmechemka. Huyu mbwa sio mdoli. Asili yake Uingereza, na kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe na kondoo kwenda sokoni. Wachungaji wakinyoa kondoo, na yeye walikuwa wanamnyoa. Hayo manyoya ya kupepea ni mambo ya mashindano na matangazo. Waingereza wengi wamemzoea kwenye matangazo ya rangi za Dulux, toka miaka ya 1960. Ila mbwa wa tangazo ana watu wa kumchana. Huyu wa Mbezi Beach ana shamba boi mmoja, na huyo huyo anafungua geti, anaosha gari na kumwagilia maua.

Manyoya yenyewe yana matabaka mawili, ya juu magumu, ya ndani laini kama pamba. Ukichana juu juu, kwenye picha anatoka fresh kinoma. Kumbe nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya mapaja yameshajisokota rasta zilizobana ngozi, akipiga hatua zinamvuta. Sasa weka na joto la Dar. Akiogeshwa bila kukaushwa mpaka ndani, ngozi inachubuka, inanuka, kupe wanapata pa kujificha. Kumchana mpaka kwenye ngozi ni masaa kadhaa kila wiki, sio dakika kumi kabla ya kupiga picha. Rasta zikishakomaa, kuzifumua ni kumtesa tu. Mashine ndio huruma, mradi abakishiwe manyoya kidogo jua lisimuunguze.

Povu lingeenda kwenye swali lingine: alifikaje huko? Bosi yuko kwenye shoo nusu ya mwezi. Anayeujua mwili wa yule mbwa ni yule kijana, na hakuna anayemfundisha kitu.

Na hili ndilo la kutisha. Ivermectin, sindano ya minyoo na ukurutu inayochomwa sana mtaani, kwa baadhi ya mbwa wa jamii ya wachungaji ni sumu. Old English Sheepdog wamo. Wapo wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni inayoitwa MDR1, na dozi kubwa ya ukurutu inaweza kupanda kwenye ubongo: mbwa anayumba, anatetemeka, anapoteza fahamu, hata kufa. Mtu wa sindano akigonga geti saa nne asubuhi, bosi yuko Dubai, kijana atamkataliaje wakati hajawahi kuambiwa?

Kama dada anampenda kweli huyo mbwa, amwongezee kijana hela ya hiyo kazi, amnunulie brashi ya maana na draya, ambandikie namba ya daktari wa mifugo pale getini. Vipimo vya MDR1 vipo, ampime kabla hajachomwa chochote. Manyoya yabaki mafupi hivyo hivyo. Wa komenti watazoea.

Haya wadau, mbwa aendelee kunyolewa au aachiwe? Dondosheni yenu hapo chini.