Si Simu Zilizoimba
Mwandishi aliyedai gazetini kwamba Tusker Project Fame, shindano la uimbaji la runinga la Afrika Mashariki, ilikuwa mashindano ya nchi yenye simu nyingi za kupiga kura, si ya sauti, angeangalia kwanza orodha ya washindi. Valerie Kimani wa Kenya alishinda 2006, sawa. Kisha? Esther Nabaasa wa Uganda, 2008. Alpha Rwirangira wa Rwanda, 2009. Davis Ntare, Uganda tena, 2010. Ruth Matete akalirudisha taji Kenya 2012, na 2013 likaenda Burundi kwa Hope Irakoze. Rwanda na Burundi zilipata wapi simu za kuizidi Kenya?

Sisi wa Mundika, jirani na mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia, tuna jamaa pande zote mbili. Hatukuuliza pasipoti ya mwimbaji. Tulisubiri kuona kama Ian Mbugua, jaji asiyejua kubembeleza, atakosa la kukosoa. Anayetafuta upendeleo wa kura aangalie Ulaya: kwenye shindano la nyimbo la Eurovision, mtazamaji hukatazwa kuipigia nchi yake kura, na bado majirani hupendeleana waziwazi!

Hoja ya mwandishi huyo haina mashiko. Kama ana hesabu ya kura za kila nchi, aichapishe. Kama hana, ayafute madai hayo.