Ujumbe Uliokwama Uko Mikononi mwa Nani?

Neno "kusomana" limezoeleka katika ofisi za umma nchini. Vikao vya TEHAMA katika sekta ya afya huazimia kwamba mifumo isomane, na azimio hilo ni jema. Kinachojadiliwa kwa uchache ni chombo kinachosimama katikati ya mifumo hiyo, yaani programu unganishi: ile inayopokea ujumbe kutoka mfumo mmoja, kuugeuza katika umbo linaloeleweka na mfumo mwingine, kisha kuufikisha. Uteuzi wake huachiwa mafundi na maofisa ununuzi. Kwa maoni yangu, muuguzi, mteknolojia wa maabara na mgonjwa mwenyewe wana haki ya kuuliza kabla zabuni haijafungwa: ujumbe ukikwama njiani utakaa wapi, na nani atajua kwamba umekwama?

Tuchukue mfano wa mama mjamzito anayeishi Nakwa, mjini Babati. Anaanzia zahanati, anapimwa damu katika hospitali ya mji, na hali ikiwa ngumu anapewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa au hata KCMC, Moshi. Katika safari hiyo kumbukumbu za matibabu na malipo yake zinaweza kuingizwa GoT-HoMIS. Dawa za kituo huagizwa kupitia eLMIS. Takwimu za MTUHA huingia katika DHIS2. Na kama ana bima, dai la kituo huelekea NHIF. Mifumo hii haikuzaliwa siku moja wala kwa kusudi moja. MTUHA ilianza na vitabu vya karatasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati kompyuta ilikuwa kitu cha nadra vituoni.

Mifumo kumi ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake moja kwa moja, viungo vinafikia 45, na mfumo mmoja ukibadilishwa, viungo tisa huguswa. Ikipitia kwa mpatanishi mmoja, viungo ni kumi tu. Hiyo ndiyo faida ya usanifu wa huduma: kila mfumo hutoa kazi yake kwa wengine bila wao kulazimika kujua umejengwaje ndani. Hoja hii sina ugomvi nayo. Hofu yangu ni kwamba ukishaweka kila kitu kipite mlango mmoja, mlango huo ukifungwa wote hukwama pamoja.

Maonyesho ya wauzaji hufanyika katika kumbi zenye umeme usiokatika na intaneti ya kasi. Zahanati za pembezoni mwa mji haziishi katika hali hiyo. Zipo programu unganishi zinazofanya kazi kama simu: upande wa pili usipopokea, mazungumzo yameisha. Zipo nyingine zinazofanya kazi kama posta: barua huwekwa katika foleni, hutunzwa, na hupelekwa njia ikifunguka. Matokeo ya maabara, barua za rufaa na madai ya bima yanahitaji posta. Uhakiki wa uanachama wa bima unahitaji simu, kwa kuwa mgonjwa amesimama dirishani akisubiri jibu. Zabuni isiyotenganisha mahitaji haya mawili huishia kununua chombo kinachofanya vizuri upande mmoja na kuutesa mwingine.

Kujaribu tena nako kuna hatari yake. Kituo kikituma dai, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, programu ikalituma tena, madai yamekuwa mawili, na kituo kinaweza kuonekana kimeghushi. Ombi la dawa linaweza kurudiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo kila ujumbe uwe na namba yake ya pekee, na mpokeaji awe na uwezo wa kusema, "Huu nimekwishaupata." Jambo hili dogo mara nyingi halimo katika nyaraka za zabuni, ilhali rangi za dashibodi zimo.

Majirani zetu wa Rwanda wametangulia katika njia hii. Katika wilaya ya Rwamagana vilijengwa viungo baina ya rekodi za wagonjwa zilizomo katika OpenMRS na daftari za kitaifa, kwa ajili ya huduma ya mama wajawazito. Mpatanishi wa kwanza alijengwa juu ya Mule, programu unganishi ya jumla inayotumiwa na makampuni ya kila namna. Baadaye shirika la Jembi la Afrika Kusini liliijenga upya kazi hiyo kama programu huria iitwayo OpenHIM. Kiini chake hufanya machache: huhakiki anayetuma, huelekeza ujumbe, huandika kila muamala, na huruhusu ulioshindwa kurudiwa. Kazi ya kutafsiri imewekwa pembeni, katika vipande vidogo vinavyoweza kubadilishwa kimoja kimoja. Nauona mpangilio huo kuwa bora kwetu kuliko chombo kikubwa kinachofanya kila kitu, kwa sababu kijana aliyehitimu katika vyuo vyetu anaweza kukiandika upya kipande kimoja bila kusubiri mtaalamu kutoka ng'ambo wala leseni kuhuishwa.

Hapa nyumbani Wizara ya Afya inaye mpatanishi wa taarifa za afya, HIM, na Mamlaka ya Serikali Mtandao inao GovESB kwa taasisi za umma. Halmashauri au hospitali ikishawishiwa kununua cha tatu, ijiulize mara mbili. Mazungumzo ya ndani ya afya yapite kwa HIM. Yale ya kuvuka kwenda taasisi nyingine yapite GovESB.

Hakuna programu unganishi itakayotibu majina. Jina la Kiiraqw kama Tluway huandikwa kwa namna tatu na makarani watatu, na lenye herufi q hupata k bila mwenyewe kuulizwa. Mpatanishi atazifikisha rekodi zote tatu kwa uaminifu, kama za watu watatu. Karani wa mapokezi anayesoma kitambulisho kwa makini anafanya kazi ambayo hakuna kampuni inayoiuza.

Kumbukumbu za miamala ninazozisifu zina upande wake wa kutisha: ndani yake mna majibu ya VVU, mimba na magonjwa ya akili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Muuguzi mwangalizi anapaswa kuona kwamba ujumbe namba fulani umekwama tangu asubuhi. Hapaswi kuona yaliyomo. Fundi vivyo hivyo. Chombo kisichoweza kutenganisha hayo kisinunuliwe, hata kama ni cha bure.

Ningependa majaribio ya mwisho yafanyike katika kituo kimoja cha Babati na si ukumbini. Mzabuni atume matokeo mia moja ya mfano, kisha waya wa mtandao uchomolewe katikati ya kazi na umeme uzimwe. Kesho yake asubuhi virudishwe, na mteknolojia wa maabara, si mhandisi wa kampuni, ahesabu mangapi yamefika, mangapi yamefika mara mbili, na mangapi hayajulikani yalipo.